Macho ya Pili: Shofa, Boi-shofa na Haki ya Aliyeumia Njiani Pepa

Zamani kamyo moja ya kupanda Marungu iliendeshwa na watu wawili. Mmoja, shofa, alishika usukani; mwingine, boi-shofa, alishika kale. Kale ni kipande cha gogo la mti mgumu, chembamba upande mmoja na kinene upande mwingine, chenye mpini mfupi wa kukishikia. Kamyo ikiondoka Moba bandarini, ikapita Kirungu na kuanza kukwea kwenda Pepa na mzigo wake, kuna mahali injini iliishiwa pumzi. Hapo boi-shofa aliruka chini gari likiwa bado linatembea, akakimbia sambamba na tairi la nyuma na kulisukumia kale. Gari likipata nguvu anaiokota, likichoka anaiweka tena, hatua kwa hatua mpaka juu. Mkono ukichelewa, tani za chumvi, mafuta na abiria hurudi nyuma korongoni.

Baba yangu alishika kale kwa miaka kabla ya kuruhusiwa kugusa usukani. Mimi nimezaliwa Pepa, nikasoma Kirungu, na sasa ni mtetezi wa mahakamani mjini Kalemie. Sehemu kubwa ya dosye zilizomo katika kabati langu ni za watu waliovunjwa na magari na pikipiki. Nikizisoma moja baada ya nyingine naona jambo lile lile: shofa alikuwa peke yake na mawazo yake yalikuwa kwingine. Kwa hiyo nataka kueleza namna kazi ya kutazama njia ilivyokuwa kazi ya mtu maalumu katika nchi yetu, namna ilivyopotea, na namna sheria ya kumlipa aliyeumia ilivyoletwa huku kabla ya gari lenyewe, kisha ikakaa mbali na watu.

Pepa iko Kongo, katika teritware ya Moba, juu ya nyanda za Marungu ambazo vilele vyake vinapita mita 2,400. Ni nchi ya baridi na majani mafupi. Mbung'o hawafiki, ndiyo maana ng'ombe walistawi hapa wakati bonde na mwambao wa Ziwa Tanganyika viliwashinda. Maharage ya Marungu yanashuka hadi Moba, yanapakiwa kwenye maboti, yanaliwa Kalemie. Upande wa kusini barabara inakwenda Pweto na mwisho wake ni Lubumbashi. Kila kitu kinachoingia au kutoka Pepa kinapita mteremko mkali mahali fulani, na wenyeji wa miteremko hiyo wanaijua kona kwa kona, ipi ilimla nani.

Kabla ya matairi palikuwa na miguu. Luteni Émile Storms alipovuka ziwa kutoka Karema mwaka 1883 na kujenga boma Mpala, alikuta njia za misafara zikipanda Marungu na kuelekea ndani Katanga. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi kichwani au begani, na mtu mwenye mzigo huo hutazama mahali pa kuweka unyayo, basi. Aliyetazama mbele alikuwa kirangozi. Yeye ndiye aliyeongoza msafara, akajua mto gani umejaa na kijiji gani kina ugomvi, na kwa sababu hiyo aliheshimiwa na kulipwa zaidi ya wapagazi. Mapadri Weupe waliochukua Mpala mwaka 1885 na kuanzisha misheni ya Baudouinville, ndiyo Moba yetu, mwaka 1893, walitembea kwa utaratibu huo huo. Msafara haukumwachia mwenye mzigo kazi ya kuona.

Sasa sheria. Tarehe 30 Julai 1888, wakati Kongo ni mali ya Mfalme Leopold wa Pili, ilitiwa sahihi dikrii juu ya mikataba na wajibu. Vifungu vyake vilichukuliwa kutoka kanuni za kiraia za Napoleon za mwaka 1804, na mpaka leo ndivyo tunavyovisoma mahakamani. Kifungu cha 258 kinasema kwamba kila tendo la mtu linalomletea mwenzake hasara linamlazimu aliyekosa kuirekebisha. Cha 259 kinaongeza kwamba mtu hajibu kwa alichotenda tu, hujibu pia kwa uzembe wake na kutokuwa mwangalifu kwake. Cha 260 kinakwenda mbali zaidi: bwana hujibu kwa kosa la mtumishi wake akiwa kazini, na kila mtu hujibu kwa kitu kilicho chini ya ulinzi wake.

Nikifikiria tarehe hiyo hushikwa na mshangao. Siku chache tu baadaye, mwezi Agosti wa mwaka ule ule 1888, Bertha Benz alichukua gari la mumewe huko Ujerumani, akalipeleka kutoka Mannheim hadi Pforzheim pamoja na wanawe wawili. Hiyo ndiyo safari ya kwanza ya mbali kwa gari la injini inayojulikana duniani. Kalemie haikuwapo; ngome iliyokuja kuitwa Albertville, jina la zamani la Kalemie, ilijengwa na Kapteni Jacques mwishoni mwa mwaka 1891. Yaani haki ya mtu wa Pepa kulipwa na shofa mzembe iliandikwa kabla ya shofa kuwapo, na kabla ya mji ambamo haki hiyo hudaiwa.

Na uzembe wa macho nao ulianza na gari. Tarehe 17 Agosti 1896, Bridget Driscoll aligongwa katika viwanja vya Crystal Palace mjini London, akawa mtu wa kwanza wa miguu kuuawa na gari la injini nchini Uingereza. Gari lilikuwa likitembea polepole, kasi ambayo mtu anayekimbia angeipita. Ilisemwa kwamba dereva alikuwa akizungumza na msichana aliyekaa karibu naye. Baraza la uchunguzi wa kifo chake lilijadiliana kwa saa sita, likaamua ni ajali tu, hakuna aliyeshtakiwa. Hilo neno "ajali tu" nimelisikia mara nyingi mno katika ofisi za Kalemie, nalo hufunga dosye haraka kuliko muhuri.

Magari yalifika kwetu nyuma ya reli. Reli ya kutoka Kabalo ilifika Albertville mwaka 1915, na kutoka hapo mizigo ya kusini ilihitaji barabara. Barabara zilichimbwa kwa majembe na vikapu vya watu wa vijiji, kwa amri ya chifu aliyeamriwa na mtawala. Dikrii ya tarehe 5 Desemba 1933 iliweka kazi za lazima ambazo zingeweza kufika siku 60 kwa mwaka. Bibi yangu alibeba udongo wa njia hiyo akiwa na mimba. Alikuwa akinionyesha sehemu yao, kuanzia mti hadi mto. Wengi waliochimba hawakuwahi kupanda gari lolote. Walipata vumbi, na mara nyingine gari lenyewe.

Wazungu waliokuja kufuga ng'ombe juu ya Marungu walileta makamyo, na makamyo yakazaa kazi mpya. Shofa akawa mtu wa heshima kuliko karani. Alikuwa na permi, koti, kofia, na jina lililojulikana kutoka Moba hadi Pweto. Watoto walikariri sauti ya injini yake. Lakini hakuna aliyekuwa shofa bila kupita mikono ya shofa mwingine, na huko kulikuwa na chuo kizima ambacho hakijaandikwa popote ninapojua.

Boi-shofa alianza na maji. Alijaza rediyeta kwenye kila kijito, akajifunza kuifungua kwa kitambaa bila kuungua uso. Akafunga bashi juu ya mzigo. Akalala chini ya gari usiku ili asiibiwe mafuta. Kisha akapewa kale, na baada ya kale ndipo akapewa kazi kubwa kuliko zote, yaani kutazama. Baba alinifundisha alama zake nikiwa mdogo, akigonga meza kwa kifundo cha kidole. Pigo moja juu ya bati la kabini: simama. Mapigo mawili: nenda. Mapigo ya haraka mfululizo: kuna mtu, kuna mnyama, kuna kitu usichokiona. Boi-shofa ndiye aliyeshuka kabla ya daraja la magogo, akalivuka kwa miguu, akageuka na kumwongoza shofa kwa mikono, kushoto kidogo, kulia, njoo. Shofa hakutazama tena mto, alitazama mikono hiyo tu.

Palikuwa na miiko. Abiria hasemeshi shofa kwenye mteremko. Akitaka kitu, anamwambia boi-shofa, naye anasubiri tambarare. Boi-shofa halali shofa akiwa macho. Usiku, njia ikiwa ndefu, anapaswa kumsimulia hadithi, kumwuliza habari za nyumbani, kumfanya ajibu, ili usingizi usimchukue. Pombe ikinywewa mahali pa kulala, boi-shofa hanywi mpaka matairi yafungwe kale. Shofa aliyevunja mwiko alisemwa na mashofa wenzake, na mwenye gari alisikia. Nimewauliza wazee kadhaa wa kazi hiyo, kila mmoja ananitajia miiko ile ile kwa mpangilio tofauti.

Sipambi zamani. Boi-shofa alipigwa, alilala njaa, mshahara wake aliupokea kama alivyotaka shofa. Wengi walikatwa vidole na kale. Dikrii ya tarehe 1 Agosti 1949 iliweka malipo kwa wafanyakazi walioumia kazini, na mwaka 1961 ikaundwa taasisi ya hifadhi ya jamii ambayo leo tunaiita CNSS. Lakini boi-shofa aliajiriwa na shofa kwa mdomo, hakuwa na karatasi, na asiye na karatasi hakuhesabiwa. Mpaka leo kijana akiangukiwa na mzigo juu ya kamyo, swali langu la kwanza kwa mwenye gari ni kama alimwandikisha. Jibu ninalijua kabla sijauliza.

Na aliyegongwa je, zama hizo? Dikrii ya tarehe 15 Aprili 1926 ilitambua mabaraza ya mila, ambako chifu aliamua mashauri ya watu weusi kwa watu weusi. Mtu akigongwa na gari la mzungu lililoendeshwa na shofa wa Kitabwa, baraza liliweza kumwita shofa, mzungu halikumweza. Kile kifungu cha 260, kinachosema bwana hujibu kwa mtumishi wake, kilikaa katika vitabu vya mahakama za Wazungu huko Albertville na Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Wazee wa kwetu husimulia mwisho wa mashauri hayo kwa namna moja: shofa kifungoni, jamaa za marehemu blanketi na chumvi, gari barabarani kesho yake. Mwaka 1940 ilikuja kanuni ya adhabu ambayo bado tunaitumia. Vifungu vya 52 hadi 54 vinasema juu ya anayeua au kujeruhi bila kukusudia, kwa kukosa kuona mbele au kutokujihadhari. Kuua ni miezi mitatu hadi miaka miwili. Kujeruhi ni siku nane hadi mwaka mmoja. Adhabu hizo zote zinamlenga aliyeshika usukani.

Baada ya uhuru mambo yalikwenda mbio. Kujitenga kwa Katanga, uasi wa Wasimba ulioiteka Albertville mwaka 1964, kisha Mobutu. Mwaka 1973 una mambo mawili ambayo kwangu hayatengani. Tarehe 5 Januari ilitoka sheria ya kulazimisha kila gari liwe na asiransi ya kumlipa mtu mwingine linapomdhuru. Ilikuwa sheria nzuri: hata shofa akiwa hana kitu, hata mwenye gari akiwa masikini, fungu la kulipa lingekuwapo. Halafu tarehe 30 Novemba ikatangazwa zairianisasyo. Mashamba, maduka na makamyo ya wageni yakapewa watu wengine. Gari likapita kutoka mkono hadi mkono bila karatasi kulifuata. Huyu alilichukua, yule akaliuza, wa tatu akalivunja na kuliunganisha na jingine. Tangu hapo kumtafuta mwenye gari kumekuwa nusu ya kazi ya mtu kama mimi. Sheria ilisema bwana atajibu, na ghafla bwana hajulikani.

Kongo ilijiunga na Mkataba wa Vienna wa uchukuzi wa barabarani mwaka 1977, na tarehe 30 Agosti 1978 ikapata kanuni mpya za barabara, sheria namba 78-022. Iliandikwa wakati simu ya mkononi haijafikiriwa, kwa hiyo wapo wanaosema haimkatazi mtu kupiga simu akiendesha. Napinga kabisa. Dereva anatakiwa wakati wote awe na uwezo wa kufanya kila kinachomlazimu na kulitawala gari lake barabara. Mtu mwenye mkono mmoja sikioni na macho kwenye kioo cha simu hatawali gari. Mkataba wenyewe wa Vienna ulirekebishwa mwaka 2006 na kulisema waziwazi: dereva apunguze kila shughuli isiyo ya kuendesha, na simu ya kushika mkononi ipigwe marufuku gari likitembea. Shirika la Afya Duniani linasema anayetumia simu akiendesha ana uwezekano wa kupata ajali mara nne hivi zaidi kuliko asiyeitumia.

Vita vilimaliza kilichobaki. Vilianza Agosti 1998, mstari wa mapigano ukaja kukaa juu yetu, na mwaka 2000 Pepa ilipita mikononi mwa jeshi la Kinshasa, ikachukuliwa tena na Wanyarwanda na waasi wa RCD, mpaka Pweto nayo ikaanguka mwanzoni mwa Desemba. Ng'ombe waliliwa au kuhamishwa. Makamyo yaliyoweza kukimbia yalikimbilia Zambia, mengine yakaungua njiani. Mashofa wa kizazi cha baba walitawanyika, na vijana waliopaswa kushika kale walishika bunduki au walikimbilia kambini ng'ambo ya ziwa. Ule mlolongo wa shofa kumfundisha boi-shofa ulikatika hapo, katika miaka mitano.

Amani iliporudi zilikuja pikipiki, na simu ikaja nazo. Celtel ilikuwa nchini tangu mwaka 2000, Vodacom tangu 2002, na minara ilipanda taratibu kuelekea kwetu. Pikipiki iliokoa watu wengi, sitaki mtu asahau hilo. Mama mwenye uchungu wa kuzaa anafika hospitali kwa saa chache badala ya kubebwa kwa machela siku nzima. Lakini pikipiki haina boi-shofa. Abiria wake amekaa nyuma, gunia limemziba, haoni mbele. Na kamyo nazo zimebadilika: nafasi ya boi-shofa ndani ya kabini sasa inauzwa, kwa sababu abiria wa mbele analipa zaidi. Kijana wa kazi ametupwa juu ya mzigo, pamoja na mbuzi na vitanda, ambako hata akipiga bati muziki wa kabini unamshinda.

Kuna jambo la Marungu ambalo mtu wa Kinshasa hawezi kulijua. Katika mabonde yetu simu haishiki. Shofa anasafiri saa nzima katika kimya, mwenye mali huko Moba anampigia bila kumpata, mke anapiga, mteja anapiga. Kamyo inapofika kileleni, mtandao unarudi kwa mkupuo, simu inalia na ujumbe kumi unaingia mara moja. Na kilele ni mahali ambapo mteremko unaanza. Hapo ndipo mkono unapotoka kwenye usukani. Nimeweka alama za ajali za dosye zangu kwenye ramani ya kuchora kwa mkono, na zile za kamyo nyingi zimekaa karibu na mahali simu inaposhika. Sikuhitaji mtaalamu wa kunieleza.

Hivyo ndivyo alivyogongwa mama mmoja wa kwetu, mkulima wa maharage, akiwa pembeni kabisa, kwenye njia ya miguu, na karai kichwani. Mguu wa kulia ulivunjika mahali pawili. Shofa alisimama, akasaidia kumpakia. Hakuwa mtu mbaya. Mwenye gari alifika kesho yake, akalipa dawa za kwanza, akaleta gunia la mchele na mbuzi, akakaa na wazee. Mbele ya wazee akatoa karatasi iliyokwisha kuandikwa kwa Kifaransa, mama akaweka dole gumba. Karatasi ilisema hatadai kitu tena.

Alipofika kwangu mwezi wa kumi na moja tangu ajali ulikuwa umeingia. Alikuwa na magongo mawili na mtoto wa kumsaidia.

"Metre, wameniambia mambo yamekwisha kwa sababu nilikula mbuzi."

"Hapana, mama. Mbuzi ni wema wa jirani. Kesi ni kitu kingine."

Nilimweleza kama ninavyowaeleza wote. Mapatano ya kijijini hayaui kosa la jinai. Mashtaka ni ya taifa, na karatasi ya mwenye gari haiyafuti. Ila wakati unayaua. Kosa ambalo adhabu yake haipiti mwaka mmoja gerezani, na kujeruhi bila kukusudia ni mojawapo, linakufa baada ya mwaka mmoja kama hakuna hatua ya uchunguzi au mashtaka iliyochukuliwa. Mtu angekufa, jamaa wangekuwa na miaka mitatu. Mwaka mmoja kwa mtu wa Pepa ni mfupi sana. Mvua inafunga njia kwa miezi, mfupa unataka miezi, nauli ya boti hadi Kalemie inataka mavuno mazima. Naamini waliouandika mwaka huo mmoja hawakuwahi kushuka mlima kwa magongo.

Hata mwaka ukipita, mlango wa kiraia unabaki wazi. Dai la hasara kwa vifungu vya 258 hadi 260 linaishi miaka 30, na tarehe inayohesabiwa ni ya ajali, si ya dole gumba. Lakini huko ni mdai anayebeba gharama na ushahidi wote, kwa hiyo tulikimbilia jinai kabla ya mlango kufungwa. Hatukusubiri parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka. Sheria inamruhusu aliyeumia kumwita mkosaji moja kwa moja mbele ya Tribunal de Paix, naye akasimama kama mdai ndani ya kesi hiyo hiyo. Wito huo ulikata hesabu ya mwaka. Tuliwaita watatu: shofa kwa kosa lake, mwenye gari kama bwana wake, na kampuni ya asiransi, kwa kuwa aliyeumia ana haki yake mwenyewe dhidi ya mtoa bima. Kwa ada za mahakama alipata hati ya umasikini, inayotolewa na mamlaka ya mahali. Watu wengi hawajui kwamba ipo, kama wasivyojua kwamba mabaraza ya mawakili yana ofisi ya mashauri ya bure.

Ushahidi wa simu ulikuwa kazi ngumu. Mwendesha mashtaka anaweza kuitaka kampuni ya simu itoe kumbukumbu za namba fulani, lakini kumbukumbu zinatoa saa na dakika, na mashahidi wa Pepa hawakuwa na saa. Mmoja alisema jua lilikuwa limepita kichwani. Mwingine, mvulana, alisema walikuwa wamefunguliwa shule. Tukamwita mwalimu, akaleta daftari la siku ile lenye saa ya kutoka. Kutoka shule hadi kileleni mtoto anatembea dakika fulani, tulimtembeza. Ndivyo saa ya ajali ilivyokutana na saa ya simu iliyopokelewa. Shofa alipoonyeshwa karatasi hiyo hakukana. Alisema bosi wake alikuwa akimpigia kuuliza amefika wapi.

Kwa wale ambao bado wako mbali na mahakama, ninasisitiza mambo haya kila ninapopanda Pepa. Namba ya gari iandikwe siku hiyo hiyo, hata kwa mkaa ukutani. Karatasi ya asiransi iliyobandikwa kwenye kioo isomwe: jina la kampuni, tarehe ya mwisho. Tangu sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilipoondoa ukiritimba wa SONAS, kampuni ya bima ya serikali, kampuni ni nyingi, kwa hiyo haitoshi kujua kwamba gari "lina asiransi". Daktari aandike jeraha lote, pamoja na siku ambazo mtu hawezi kufanya kazi. Na karatasi usiyoweza kuisoma usiiwekee kidole, hata kama mbuzi amekwisha chinjwa.

Mahakama ilimtia shofa hatiani na kumwamuru alipe pamoja na mwenye gari. Kampuni ya bima ilijitoa kwa kuonyesha kwamba muda wa karatasi ulikwisha wiki tatu kabla ya ajali, nasi hatukuwa na la kujibu. Mwenye gari amekata rufaa katika Tribunal de Grande Instance ya Kalemie. Anasema shofa alikuwa na permi halali, alionywa juu ya simu, na kwamba bosi hawezi kukaa ndani ya kila kamyo yake. Wakili wake ni mzuri na amelisema hilo vizuri.

Tumejibu kwa barua ya kurasa chache. Tumeambatanisha ushuhuda wa mashofa wawili wazee juu ya kazi ya boi-shofa kwenye mlima ule, na ushuhuda wa kijana aliyekuwa kazini siku hiyo, kwamba alipewa amri apande juu ya mzigo ili kiti chake kiuzwe kwa abiria wawili. Tumeandika pia simu ilitoka kwa nani. Hoja yetu ni kwamba uzembe wa kifungu cha 259 ulianza Moba, gari likiwa bado limesimama, na kwamba aliyeuza kiti cha boi-shofa kisha akampigia shofa mteremkoni anapaswa kulipa kwa kosa lake mwenyewe, mbali na lile la mtumishi wake.